Kipande cha Ukurasa Mmoja

Mtu aliyezoea kukagua mizani za watu hawezi kununua hata nyanya kwa raha. Huyu wetu, ambaye wafanyabiashara wa mji mzima walimwita Mizani, usoni kwa heshima na kisogoni kwa chuki, aliianza kazi hiyo nywele zake zikiwa bado nyeusi zote. Kazi yenyewe ilikuwa kuingia madukani bila taarifa, kufungua kisanduku chake cha mbao, kutoa mawe ya shaba yaliyolazwa humo kila moja kwenye kishimo chake, na kuyapanga juu ya mizani ya mwenye duka. Kisha alisubiri sindano itulie. Ikitulia mahali pasipo pake, Mizani hakusema neno. Alichomoa kalamu mfukoni mwa shati, akaibonyeza kichwa kwa dole gumba, tik, na muuza nyama aliyekuwa akimchekea sasa hivi akaanza kutoka kijasho.

Alikwisha kuona kila ujanja. Sumaku chini ya sahani, jiwe lililochimbwa tumbo, kidole kinachoegemea ukingoni kana kwamba kimechoka na maisha. Kwa hiyo tusimlaumu mapema. Ukishinda kutwa ukiwatazama watu wazima na ndevu zao wakiiba sukari kwa kidole kimoja, jioni hutaiamini hata salamu.

Nyumbani kwake, sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha, kulikuwa na piano waliyoipata kwenye mnada wa hoteli iliyofungwa. Binti yake, mtoto wa pekee, aliipiga tangu miguu yake ikining'inia hewani. Sasa alikuwa mwanamwali anayemaliza shule, na kabla ya mwezi kwisha angekwenda kusailiwa katika chuo cha muziki. Mwaka ule nafasi ya piano ilikuwa moja tu. Msichana aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote. Baba yake aliitaka zaidi, na alikwisha kuwatangazia wenzake ofisini kwamba hiyo ni ya mwanawe. Kwa mtu asiyeahidi kitu kabla ya kukipima, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Alichokuwa amekipima ni Dhoruba. Hicho kilikuwa kipande kirefu alichoachiwa binti na mwalimu wake wa kwanza, kijana mmoja mwenye haraka aliyehama mji kumfuata mkewe. Karatasi zake zilikuwa bunda zima, na nota zilijazana humo kama siafu kwenye mfupa. Kila jioni Mizani alivuta kiti nyuma ya binti yake, akakaa na kalamu mkononi, na kila kidole kilipoteleza, aliibonyeza. Hakuona ubaya wowote, ndivyo alivyofanya kazi. Mwanzoni kalamu haikupumzika. Miezi ikaenda, ikawa inalia mara moja moja, na mwishowe Dhoruba ikapita mwanzo hadi mwisho bila kalamu kutoa sauti. Wageni waliosikia walishika midomo. Mizani alijiona kama yeye ndiye aliyepiga.

Basi jioni moja alirudi, kisanduku mkononi, akamkuta binti amekaa mbele ya piano akiitazama karatasi moja. Moja tu.

"Dhoruba iko wapi, mama?"

"Mwalimu kaniambia niiweke kando."

Huyo alikuwa mwalimu mpya, mama mmoja mstaafu waliyempata baada ya yule kijana kuhama.

"Kando wapi?"

"Kando tu, baba. Kanipa hiki."

Mizani akaichukua ile karatasi. Akaigeuza nyuma, akakuta nyeupe. Akaiinua kwenye taa kama mtu anayetafuta kasoro ya muhuri. Kilikuwa kipande cha ukurasa mmoja, nota zake za kuokoteza, na katikati, mahali ambapo mtu angetegemea mambo yachangamke, hapakuwa na kitu. Palikuwa na alama ya kunyamaza, na juu yake alama nyingine inayomwambia mpigaji akirefushe kimya hicho kadiri aonavyo mwenyewe.

"Hiki ni cha watoto."

"Ndiyo. Mwalimu anasema watoto wanakipiga."

"Na wewe ni mtoto?"

"Hapana. Ndiyo maana kimenishinda."

Mizani akamtazama binti yake, asielewe kama anataniwa. Kisha akaiweka karatasi ile kwenye kiganja cha kushoto, bunda la Dhoruba kwenye kiganja cha kulia, akasimama katikati ya sebule mikono imenyooka. Mkewe, aliyekuwa akipita na kapu la nguo, akasimama naye.

"Ngoja nikuletee mawe yako," mkewe alisema, "tusije tukadhulumiana."

"Cheka tu, mke wangu. Mtoto anapigwa changa la macho."

"Na nani?"

"Hilo ndilo nitakalolijua."

Kesho yake alikwenda. Mwalimu alikaa mwisho wa mtaa wa magereji, kwenye nyumba ya chini yenye ua wa nyuma. Chumba cha kufundishia kilifagiliwa vizuri, kina piano nyeusi iliyochubuka rangi na viti viwili. Ukutani hapakuwa na cheti hata kimoja, na hilo Mizani alilitia akilini. Mwalimu mwenyewe alikuwa mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, na alisema kwa sauti ya chini hata ikambidi mtu amsogelee. Hilo nalo alilitia akilini. Katika uzoefu wake, watu wa sauti ya chini ndio waliokuwa na sumaku chini ya sahani.

"Karibu, mzazi. Nilijua utakuja."

Alijuaje? Hilo la tatu.

"Mwalimu, mimi si mtu wa muziki," Mizani alianza. "Lakini kuongeza na kupunguza nakujua. Mtoto alikuwa anabeba gunia, wewe umempa kikapu. Na usaili ndio huo umefika."

"Gunia analibeba, sikatai. Vidole vyake ni vya ajabu."

"Sasa?"

"Sasa akishalibeba analipeleka wapi?" Mwalimu alivaa miwani, akamtazama. "Dhoruba anaipiga kama mtu anayekimbia asikamatwe. Akifika mwisho salama anashukuru, basi. Nimempa kitu kisicho na pa kukimbilia. Anipe muda kidogo humo, masikio yake yatafunguka. Kipande cha kumkuza mtu si lazima kiwe kile kinachomtoa jasho, mzazi."

Mizani alitikisa kichwa polepole. Yalikuwa maneno mazuri. Na wenye maduka pia walikuwa na maneno mazuri, hasa baada ya sindano kutulia pabaya.

"Na wasaili nao wana muda wa kungoja masikio?"

"Siku hiyo anatakiwa kupiga kipande kimoja cha hiari yake. Atachagua mwenyewe. Mimi sitamchagulia."

"Hutamchagulia," Mizani alirudia. Kwake, mwalimu asiyechagua alikuwa sawa na mwenye duka anayesema mizani yake imepelekwa kwa fundi.

Alipoinuka kuaga, macho yake yakaangukia piano. Juu yake, pale pa kuwekea karatasi, palikuwa na Dhoruba. Si ile ya binti yake, ile ilikuwa nyumbani. Hii ilikuwa nyingine, mpya, imechorwachorwa kwa penseli. Hapo hapo msichana akaingia kutoka uani, rika moja na binti yake, mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mtoto wa kaka yangu," mwalimu akamjibia. "Nakaa naye hapa."

"Nawe unapiga piano?"

"Si shangazi huyu ananisumbua na Dhoruba," msichana akasema akicheka, akapitiliza zake.

Machale yakamcheza Mizani. Kumbe ndivyo. Binti yake kanyang'anywa gunia, na gunia limepewa mtoto wa nyumbani. Nafasi moja, wasichana wawili, na mwenye kugawa vipande ni shangazi wa mmoja wao. Hiyo hata mawe ya shaba haikuyahitaji. Alipofika barabarani, kati ya matairi mabovu na makopo ya oili, damu ilikuwa inamchemka.

"Anamsafishia njia mtoto wa kaka yake," alimwambia mkewe mezani.

Mkewe alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno. Kutwa alipokea watu waliokuja wameshika mashavu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba anakwenda kuuawa, kwa hiyo hofu za mumewe hazikumbabaisha.

"Una ushahidi?"

"Dhoruba nimeiona kwa macho yangu mawili."

"Umemuuliza?"

"Mwizi huwa anaulizwa?"

"Huulizwa, mwenzangu. Hata mahakamani huulizwa."

Mizani hakutaka mahakama. Alitaka kumkamata mtu mkono ukiwa bado ndani ya gunia. Na kwa kuwa mwalimu alikuwa mbali, akaanza kuchunguza nyumba yake mwenyewe. Huko akagundua jambo lililomkera kuliko yote. Kila aliporudi kazini, akiwa bado kwenye ngazi, alisikia piano. Haikuwa Dhoruba. Zilikuwa zile nota za kuokoteza, moja hapa, moja pale. Akitia ufunguo mlangoni, zinakoma. Akiingia, anakuta kifuniko kimefungwa na binti anakunja nguo au anamenya vitunguu, kana kwamba piano ilikuwa inajipiga yenyewe.

"Mbona umeacha?"

"Nilikuwa nimemaliza, baba."

Siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata hiyo pia. Hakuna mtu duniani anayemaliza kila siku ufunguo unapoingia tunduni. Mizani aliwajua vizuri wanaosikia hatua zake wakaficha jiwe bovu, na wazo kwamba binti yake ameingia katika kundi hilo lilimuuma. Alimpenda mtoto huyu kupita kiasi. Ndiyo maana hakutaka aibiwe, na sasa ilionekana ameshaibiwa.

"Muulize kwa nini ananyamaza ukiingia," mkewe alimshauri.

"Nimemuuliza."

"Umemuuliza kama baba au kama mkaguzi?"

 Mizani aliona kwamba na mkewe naye amekwisha kuvutwa upande wa pili.

Jumamosi uvumilivu ukamwishia. Akavuta kiti, akakiweka nyuma ya piano mahali pake pa siku zote, akasema, "Leo piga Dhoruba." Binti akafungua bunda, shingo upande, akapiga. Mikono ilipita juu ya piano ikipishana, sauti zikajaa sebule, vikombe vikatetemeka kabatini. Mizani alikaa na dole gumba juu ya kalamu, akangoja, na kalamu haikulia hata mara moja.

"Umeona?" alisema, akainuka amejaa furaha. "Hiyo ndiyo utakayokwenda nayo."

Binti alikuwa amerudisha mikono mapajani.

"Baba, umesikia nini?"

"Sijasikia kosa hata moja."

"Na nini kingine?"

Mizani akairudisha kalamu mfukoni. Mtoto wake hakuwa mtu wa mafumbo, sasa nani kamfundisha? Alijua nani. Akaamua kufanya lile alilolifanya kwa kila duka lililomshinda, yaani kuingia kwa mlango wa nyuma.

Siku ya somo aliaga ofisini kwamba anakwenda kukagua mtaa wa magereji, na huo haukuwa uongo mtupu. Alipita kichochoro kati ya karakana mbili, akakanyaga oili, akaingia uani kwa mwalimu, akainama chini ya kamba ya nguo, akapitia jikoni akiwa amebana pumzi. Ukumbini akasimama kando ya pipa la maji. Mlango wa chumba cha kufundishia ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Akatega sikio.

Aliyekuwa anapiga ni yule mtoto wa kaka. Mizani alitarajia kusikia hatari yenyewe, na alichosikia ni msiba. Dhoruba ilikuwa inajikwaa, inaanguka, inainuka inachechemea.

"Rudia. Mkono wa kushoto umelala."

"Shangazi, nipe kile cha polepole."

"Cha polepole unakijua. Unajificha humo. Ukiililia kila nota, watu wanadhani unapiga. Rudia."

Mizani akakunja uso. Kama huyu ndiye mshindani, basi nafasi ilikuwa salama salimini. Lakini mashaka yakishapata kasi hayasimami ghafla. Akajiuliza kama mwalimu amemwona akipita uani na sasa anamchezea mchezo. Akalifikiria hilo kwa uzito mpaka msichana akamaliza, akatoka kwa mlango wa mbele, na ndala za binti yake zikaingia. Ndala hizo angezijua hata sokoni.

Binti akaanza kile kipande cha ukurasa mmoja. Mizani hakuwahi kukisikia chote, alikisikia vipande vipande kwenye ngazi. Sasa kilimjia chenyewe, nota baada ya nota, na akapata hisia ya ajabu, kama kumsikia mwanawe chumba cha pili akizungumza na mtu anayemwamini. Hisia hiyo haikumpendeza. Alijisikia mgeni. Kisha kipande kikafika katikati, pale penye kimya, na binti akaparuka akaendelea.

"Umekimbia tena," mwalimu alisema.

"Najua."

"Kwingine kote unatembea vizuri. Ukifika hapo unaruka kama umekanyaga moto. Kuna nini hapo?"



"Nikinyamaza nasikia kalamu."

"Kalamu gani?"

"Ya baba. Anaibonyeza nikikosea. Kwenye Dhoruba nikienda kasi siisikii, nota zinaifunika. Hapa hakuna cha kuifunika. Nikinyamaza tu inalia."

"Baba yako hayupo hapa."

"Najua, mwalimu. Lakini inalia."

"Basi tuingoje. Piga ufike hapo, unyamaze, usikilize. Ikilia, iache ilie. Tuone itachoka lini."

 Nyuma ya mlango Mizani alitaka kuondoka, akabaki. Binti akaanza upya. Nota zikaja moja moja, zikafika katikati, zikasimama. Kimya kikatanda chumbani, kikatoka kwa ufa wa mlango, kikamfikia kando ya pipa. Akangoja. Hakujua kwamba mkono wake umepanda mfukoni mwa shati. Hakujua kwamba dole gumba limeshika nafasi yake, kama linavyofanya kila siku anaposubiri sindano itulie.

Tik.

 Kisha binti yake akasema, kwa sauti ya kawaida isiyo na hasira yoyote:

"Sasa umeisikia, mwalimu?"

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu akamtazama kuanzia kalamu hadi viatu vyenye oili.

"Karibu, mzazi," alisema. "Hata mlango wa mbele huwa unafunguka."

Mizani akaingia. Binti hakugeuka. Mizani aliona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni ikashuka shingoni, na kama watu wengi aliowahi kuwafumania yeye mwenyewe, akajitetea kwa kushambulia.

"Na Dhoruba mbona umempa mtoto wa kaka yako?"

"Kwa sababu yule masikio yake yako macho na vidole vimelala. Huyu wako, vidole viko macho, masikio ndiyo yalikuwa yamelala. Kila mmoja nimempa kinachompungukia."

"Na nafasi ya chuo?"

"Nafasi gani? Yule anasomea ufundi umeme. Piano anapiga kupumzisha kichwa."

 Lilikuwa jibu jepesi, limenyooka, na hakuna mahali pa kulishika.

"Baba," binti alisema, bado amempa kisogo, "nenda nyumbani."

"Nikungoje nje?"

"Nenda tu."

Akaenda. Alipofika alikaa peke yake mbele ya piano, akaitoa kalamu, akaibonyeza mara moja ili aisikie mwenyewe. Ilikuwa sauti ndogo sana. Alishangaa kitu kidogo namna ile kimewezaje kumfuata mtoto mpaka mtaa wa magereji.

Siku zilizobaki hakuvuta tena kiti. Alichelewa kurudi makusudi, akasoma magazeti ya zamani ofisini. Haikusaidia. Ufunguo ulipoingia tunduni, piano ilinyamaza kama kawaida, na sasa alijua ni kwa sababu gani, jambo lililokuwa baya kuliko kutojua. Hakumwuliza binti amechagua kipi. Aliogopa kuuliza, na aliogopa zaidi kwamba huenda mwalimu alikosea na mtoto angekwenda kukosa nafasi kwa karatasi moja.

Asubuhi ya usaili, mlangoni, binti alimsimamisha. Akatia mkono mfukoni mwa shati la baba yake, akachomoa kalamu, akaitumbukiza kwenye mkoba wake.

"Utarudishiwa," alisema, na mama yake akageuka ukutani asionekane anacheka.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na piano kubwa mbele, meza ya wasaili pembeni yake, na viti vya plastiki nyuma kwa wazazi. Mizani akakaa kati ya mkewe na mwalimu. Vijana wakaitwa mmoja mmoja, na karibu kila mmoja alikuja na gunia lake. Vishindo vilipanda na kushuka, jasho likatoka, na kijana mmoja alipiga Dhoruba yenyewe, vizuri, bila kosa. Dole gumba la Mizani likaanza kutafuta kitu cha kubonyeza. Hakuliamini tena dole hilo. Akakalia mikono yake yote miwili.

"Na akikosa?" alimnong'oneza mwalimu.

"Utakuwa na mtu wa kumkagua, mimi," mwalimu akamnong'oneza naye.

Binti akaitwa. Akatoa mkobani karatasi moja, akaiweka mbele yake. Akaanza. Baada ya vishindo vyote vile, ukumbi ulichukua muda kujua kwamba kuna mtu anapiga. Halafu ukajua. Mwanamke mmoja kiti cha mbele akaacha kujipepea. Nota zikaenda, zikafika katikati, zikanyamaza, na ndani ya kimya kile mmoja wa wasaili, mzee mwenye upara, akaibonyeza kalamu yake ili aandike.

Tik.

Mizani akafumba macho. Sasa ataruka, alijisemea, na kosa ni langu. Akangoja aruke. Hakuruka. Binti alikaa pale pale, mikono yake imetulia, akaiacha ile sauti ianguke, ifike chini, iishe. Akangoja tena kidogo baada ya kuisha. Halafu akaiweka nota iliyofuata kwa utulivu, akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Yule msaili alikuwa ameilaza kalamu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulia chenyewe.

"Nani kakufundisha kungoja pale?" aliuliza.

Mizani alimgeukia mwalimu. Sifa hiyo ilikuwa haki ya mwalimu, na Mizani alikuwa tayari kuitoa.

"Baba," binti alisema.

Wasaili wakainua macho kutafuta baba nyuma ya ukumbi. Mizani hakunyoosha mkono, bado alikuwa ameukalia. Hakujua kama ameshukuriwa au ameshtakiwa. Akamtazama mwalimu amsaidie, na mwalimu alikuwa anafuta miwani. Akamtazama mkewe, naye alikuwa analia bila kujificha.

Mchana matokeo yakabandikwa mlangoni. Nafasi ilikuwa ya binti yake. Watu wakamshika mikono, wakampongeza, na yeye akaitikia huku neno lile moja likimzunguka kichwani. Mkewe na binti walitangulia nyumbani. Yeye akapitia ofisini kuwaambia wenzake, wakampigia makofi, wakataka kujua binti alipiga kitu gani kigumu hivyo. Akasema ni kipande cha ukurasa mmoja. Wakadhani anatania.

Jioni, kwenye ngazi za nyumbani, akasikia piano. Kilikuwa ni kile kipande. Mizani akasimama, ufunguo mkononi. Alijua kinachofuata. Alifikiri ashuke tena, azunguke mtaa mpaka binti amalize, kisha akajiambia kwamba huo nao ni mlango wa nyuma. Akatia ufunguo, akauzungusha, akafungua.

Piano ikanyamaza.

Akasimama kizingitini. Binti yake alikuwa amempa mgongo, mikono juu ya piano, kifuniko wazi. Mizani akajaribu kukumbuka wimbo ulikuwa umefika wapi, kama hiki ni kimya cha kwenye karatasi au ni kile cha kila siku, kimya chake yeye. Hakuweza kujua. Muda wote ule alihesabu makosa, hakuwahi kuusikiliza wimbo kiasi cha kuyatofautisha hayo mawili. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Akabaki amesimama, viatu miguuni, mlango wazi nyuma yake, akingoja.

Kimya kilikuwa kirefu. Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akaweka kidole mdomoni.

Kisha nota ikaja.